Beseni Si Nyanya

Mkaguzi wa mizani alikuwa bingwa wa dharau. Hakuwa na haja ya kutukana. Aliinua tu mdomo wa juu upande mmoja, kidogo sana, na mtu aliyekuwa akimweleza jambo lake akajiona mpumbavu kabla hajafika mwisho wa sentensi. Aliwadharau wauza nyama kwa sababu wanaiba, akawadharau wateja wao kwa sababu wanakubali kuibiwa. Wenzake ofisini aliwaona mizigo. Wakubwa zake aliwaona mizigo yenye tai.

Tumpe haki yake, maana hata mtu wa kuudhi ana haki yake: rushwa hakula. Kila siku ya kazi alizunguka sokoni na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia la kilo tano hadi la gramu moja dogo kama kifungo cha shati, kila moja na shimo lake lililotandikwa kitambaa cha kijani. Aliweka jiwe juu ya mizani, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri mshale utulie. Mshale ukisema kweli, aligonga muhuri akaenda zake bila hata kwaheri. Ukidanganya, alichomoa stika nyekundu yenye namba na maneno HAIFAI KWA KUPIMIA, akaibandika katikati ya uso wa mizani. Zamani wauzaji walikuwa wakizibandua stika hizo kwa maji ya moto. Yeye ndiye aliyeandika barua tatu hadi ikaagizwa gundi mpya, gundi ambayo ukiing'oa inaondoka na rangi. Barua zile alizihesabu miongoni mwa mafanikio makubwa ya maisha yake, na pengine hakukosea.

Siku moja alimkuta muuza nyanya, mwanamke wa makamo, anapima nyanya ndani ya beseni. Alikuwa akipima hivyo miaka kumi na minne, na beseni lenyewe lilikuwa gramu mia nne. Mkaguzi akazimwaga nyanya juu ya meza, akaliweka beseni tupu kwenye mizani, akamshika mama wa watu bega ili atazame mshale vizuri.

"Hiki nini?"

"Beseni, bosi."

"Na mteja amekuja kununua nini?"

"Nyanya."

"Beseni si nyanya!" akapaza sauti, soko zima likageuka. "Ulichokiweka mwenyewe hukihesabu! Toa kwanza cha kwako, ndipo useme umepata nini!"

Tangu siku hiyo msemo ukawa mali ya soko. Mtu akipita na koti kubwa kuliko mwili wake, wauzaji walinong'onezana, "Beseni si nyanya." Mkaguzi alilisikia hilo akafurahi moyoni, ingawa usoni hakuonyesha kitu. Maneno yake yalikuwa yameingia vichwani mwa wajinga.

Basi mtu huyu aliyewafundisha watu wote kutoa beseni alikuwa na daftari.

Miaka kumi kabla ya siku ninayotaka kuieleza, mama yake alifariki, nyumba yake ikauzwa, na watoto wawili wakagawana sawasawa, milioni moja kila mmoja. Watoto wenyewe ni yeye na mdogo wake wa kike, mkunga wa zahanati. Waliahidiana kwamba hela ya mama hailiwi. Kila mmoja ataiweka mahali izae, na kila mwisho wa mwezi ataongeza laki moja. Mkunga akapeleka yake kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi, ambacho ukutani kwake paliandikwa kwa rangi ya bluu: Haba na haba hujaza kibaba. Kaka mtu alipouona ukuta ule, mdomo wa juu ukapanda.

"Kibaba!" alimwambia mdogo wake. "Endelea na kibaba chako. Mimi naenda kwenye magunia."

Akaenda kwa dalali wa hisa. Hapo akanunua hisa za hiki na kile, akaziuza zikishuka, akazinunua zikishapanda. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wanaojiona werevu kuliko bei. Nyumbani akafungua daftari lenye mistari miwili tu. Wa kwanza kwa wino: Nilianza na 1,000,000. Wa pili kwa penseli: Sasa ninazo, na baada yake tarakimu alizozifuta na kuziandika upya kila taarifa ilipotoka kwa dalali. Kati ya mistari ile miwili hapakuwa na kitu.

Na ile laki ya kila mwezi? Laki alimpa mkewe aipeleke. Foleni ya dirisha la dalali ilikuwa ya watu wa chini, na yeye hakuwa mtu wa foleni. Mkewe alikuwa mshonaji, mwenye cherehani sebuleni kati ya kochi na dirisha. Kila mwisho wa mwezi alifunika cherehani, akapanga foleni, akalipa, akachukua risiti. Miezi mishahara ilipochelewa laki ilitoka kwenye sare za shule alizozishona kwa macho yaliyovimba. "Ni nyongeza tu," mumewe alimwambia, kama mtu anayezungumzia chumvi. Risiti hakuziuliza. Mkewe alizitia kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo na zipu.

Sasa nenda kwa kinyozi, Jumamosi yoyote ya mwaka huo wa kumi, umsikilize.

"Nilianza na milioni moja," anasema, shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa. "Leo nina kumi na saba na laki mbili. Mara kumi na saba!"

"Duh!" anasema kinyozi.

"Na mwaka huu peke yake? Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na kumi na mbili na nusu. Piga hesabu. Asilimia thelathini na saba! Kwa mwaka mmoja! Kuna benki inayokupa hiyo?"

"Hakuna, bosi."

"Kuna biashara ya kunyoa inayokupa hiyo?"

Kinyozi akacheka kicheko cha mtu anayelipwa. Wateja kwenye benchi wakatikisa vichwa kwa heshima, kila mmoja akiwaza alivyochelewa maishani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Walimpachika jina, Bwana Asilimia, wakidhani wanamsifu, naye akalipokea akidhani amestahili. Debe tupu haliachi kuvuma, na benchi lile lilikuwa limejaa wapenda ngoma.

Mambo yangeishia hapo, kwenye nywele na sifa, kama mdogo wake asingestaafu.

Mkunga alipewa kiinua mgongo milioni arobaini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepanga nyumba ileile, vyumba vitatu na ua wenye bomba. Alimzika mume akitokea humo na kulea mabinti wawili hadi wakaolewa. Wiki ileile aliyostaafu, mwenye nyumba akamwita. Alitaka kuuza. Alimheshimu, akasema, kwa hiyo atampa yeye kwanza kwa milioni thelathini na nane, lakini mwisho wa mwezi ukipita bila hela, yupo mfanyabiashara anayetaka kuibomoa ajenge ghala.

Mkunga alikwenda kwa kaka yake kumpa habari njema. Kaka akamsikiliza hadi mwisho, mdomo wa juu ukapanda.

"Nyumba," alisema. "Unataka kuzika milioni thelathini na nane kwenye matofali. Matofali yanazaa? Nipe mimi hela hiyo, mdogo wangu. Panga chumba kimoja mahali, miaka mitatu tu. Kwa mwendo wangu wa thelathini na saba, utarudi kununua nyumba hiyo na ya jirani."

"Kaka, itakuwa imeshabomolewa."

"Utajenga nyingine! Tatizo lenu mnapenda kuta. Mama naye alipenda kuta."

Mkunga hakulala vizuri wiki ile, na si ajabu. Kaka yake ndiye aliyemlipia ada ya chuo cha ukunga wakati baba yao hana kitu. Ndiye mwenye tarakimu na ndiye anayesoma magazeti ya biashara. Yeye alijua kuzalisha tu. Mwishowe alimpigia simu akasema atakuja Jumamosi mchana na karatasi za benki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshaanza kufungasha vyombo.

Mkaguzi alioga siku ile kama bwana harusi. Akavaa shati jeupe, akaweka daftari katikati ya meza ya sebuleni, akamwambia mkewe aache cherehani kwa sababu ina kelele na leo kuna mambo ya maana. Mkewe akaacha. Alileta chai, akakaa kwenye kistuli chake kando ya cherehani, akashika sketi ya sare na sindano ya mkono, maana sindano ya mkono haina kelele.

"Haya," alisema mkaguzi, akafungua daftari mbele ya mdogo wake kama anamfungulia mlango wa mbinguni. "Milioni moja. Kumi na saba na laki mbili. Soma mwenyewe."

Mkunga akasoma. Haikumchukua muda, mistari ni miwili.

"Na mwaka huu, kaka?"

"Kutoka kumi na mbili na nusu. Asilimia thelathini na saba kwa mwaka mmoja."

Pale kwenye kistuli, sindano ikasimama. Ni lazima ieleweke kwamba mkewe hakuwahi kuisikia namba hiyo ya mwaka. Kwa kinyozi hakwenda, na nyumbani mumewe hakumpotezea muda na hesabu. Alikuwa amejifunza kunyamaza miaka mingi, na kunyamaza kule watu walikuita heshima. Heshima ilikuwa imekwisha zamani. Kilichobaki kilikuwa uchovu.

"Na kiwanja?" aliuliza.

"Kiwanja kimefanya nini?"

"Kiwanja changu. Nilichotaka kujenga chumba cha cherehani. Ulikiuza mwaka huu milioni tatu, nikazipeleka mwenyewe dirishani kwa dalali. Zimo humo kwenye kumi na saba, au hazimo?"

"Zimo, bila shaka. Hela ni hela."

"Kwa hiyo zimezaliwa humo, au zimeletwa?"

Mkaguzi akampungia mkono, kama anafukuza nzi. "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu. Wewe shona."

Lakini mkunga alikuwa ameinua kichwa. Neno lile, zimezaliwa au zimeletwa, lilikuwa la kazi yake. Alimwangalia wifi yake, akaangalia daftari, akaangalia tena ile nafasi nyeupe kati ya mistari.

"Wifi," alisema polepole, "na ile laki ya kila mwezi unayo hesabu yake?"

Mkewe akaenda chumbani akarudi na kopo la biskuti. Akalipindua juu ya meza, vifungo vikatawanyika, zipu moja ikadumbukia kwenye kikombe cha chai cha mkaguzi. Risiti zikafuata, za zamani zimegeuka rangi ya mahindi, zimekunjwa nne nne. Wanawake wawili wakaanza kuzihesabu bila kuambizana, wakiziweka kumi kumi. Mkaguzi aliangalia. Angeweza kuzikusanya na kuzirudisha kwenye kopo, lakini miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemzoesha kusubiri mshale utulie, na mazoea ni kitu kibaya.

"Mafungu kumi na mbili," alisema mkewe. "Laki mia na ishirini. Milioni kumi na mbili."

"Na ile ya mama," alisema mkunga. "Moja."

"Na kiwanja. Tatu."

"Kumi na sita." Mkunga aliiandika nyuma ya bahasha ya benki. "Kaka, umetia milioni kumi na sita. Una kumi na saba na laki mbili."

Mkaguzi akaichomoa zipu kwenye chai yake.

"Soko lilikuwa gumu," alisema mkaguzi.

"Sijauliza soko. Na huu mwaka wa thelathini na saba? Ulipanda milioni nne na laki saba. Kiwanja tatu, laki kumi na mbili, jumla nne na laki mbili uliziweka mwenyewe. Zilizozaliwa ni laki tano." Hapo mkunga alisita, kwa sababu alikuwa akimpenda kaka yake na aliona anachokifanya. Kisha akaendelea hivyohivyo. "Unakumbuka ulipokuja kukagua zahanati? Mizani yetu ya watoto ulituwekea stika nyekundu kwa sababu mshale ulikuwa unaanza kwenye gramu mia mbili. Ukatusimamisha mstari mmoja, manesi wote, ukatuambia mtoto akipimwa na nguo, nguo itolewe, vinginevyo tunasifu shuka kwa kunenepa. Nilijivuna siku ile. Niliwaambia wenzangu, huyo ni kaka yangu."

Mdomo wa juu wa mkaguzi ulianza kupanda kwa mazoea yake, ukafika nusu, ukakosa pa kwenda. Akautuliza kwa kidole.

"Hata hivyo," alisema, "hata ukitoa hiyo yote, nimepata faida. Chama chako cha kibaba kinakupa nini? Asilimia sita? Sita!"

Mkunga alifungua mkoba akatoa kitabu cha chama, kidogo, cha jalada la kijani, pembe zimelika. Alikuwa amekileta kwa sababu alikuja kutoa kila alichonacho, si kiinua mgongo peke yake. Hicho ndicho kilichomtia mkaguzi baridi baadaye, alipokifikiria. Akakisukuma juu ya meza hadi kwenye kikombe.

Milioni kumi na nane na laki mbili.

"Tulianza siku moja," alisema mkunga. "Milioni ileile ya mama, laki ileile, mwisho wa mwezi uleule. Sina kiwanja humo. Nimetia kumi na tatu."

Miaka kumi hakuwahi kumuuliza. Unamuulizaje mtu unayemcheka? Alikisoma kile kitabu mara mbili, akirudi nyuma hatua moja kichwani kama afanyavyo mbele ya mizani ya watu, na mshale ulikuwa umetulia kabisa. Kwenye gunia lake hakukuwa na miujiza. Kulikuwa na haba za mkewe zilizokaa foleni, na kiwanja. Tena gunia lilikuwa na tundu.

"Ungenitoa nyumbani kwangu, kaka," alisema mkunga. "Wangebomoa vyumba nilivyolelea watoto, mimi nikiwa nimepanga chumba cha watu, nasubiri thelathini na saba yako. Na wewe hujui. Hukuwa unaniibia, laiti ungekuwa unaniibia! Wewe ulikuwa hujui."

Aliokota kitabu chake na bahasha yake. Akamkumbatia wifi yake mlangoni kwa muda mrefu, na wifi mtu akamwambia kitu sikioni ambacho mkaguzi hakukisikia, kisha wote wawili wakacheka kidogo, na kicheko kile kilimchoma kuliko hesabu yote. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile dharau kutoka upande wa pili, na hakuizoea. Alibaki mezani akiokota vifungo kimoja kimoja. Kwa kuwa hakujua vinakaa wapi, akavipanga kwa ukubwa.

Jumatatu mkunga alimlipa mwenye nyumba. Kilichobaki akakipeleka kwenye ukuta wa bluu.

Jumatatu hiyohiyo mkaguzi alifungua sokoni sanduku lake, lililolala nyumbani tangu Ijumaa, na kukuta stika moja haipo. Zina namba na huzitoa kwa mpangilio, na ya mbele kabisa ilikuwa imechukuliwa. Alimfokea karani wa stoo kwa simu mbele ya wauza samaki. Akapita kwa muuza nyanya, ambaye siku hizi alikuwa akiweka beseni kwanza, anarudisha mshale sifuri, ndipo anatia nyanya. Mama wa watu akamwamkia vizuri tu. Mkaguzi alijibu akiangalia pembeni, akapita haraka bila kupima chochote.

Alipofika nyumbani cherehani ilikuwa inalia, na haikuacha kulia alipoingia. Pale mezani daftari lilikuwa wazi. Stika nyekundu ilikuwa imelazwa juu ya mistari yote miwili, wa wino na wa penseli, imenyooshwa vizuri bila hata povu moja la hewa, kazi ya mkono uliozoea kunyoosha kitambaa. HAIFAI KWA KUPIMIA. Namba ilikuwa ileile iliyokosekana.

Akajaribu kwa ukucha. Akaenda jikoni akachemsha maji, akalowesha kona moja kwa kitambaa na kusubiri, akajaribu tena. Haikutoka, na yeye peke yake katika nyumba ile ndiye aliyejua kwamba haitatoka. Barua tatu alikuwa ameziandika kuhakikisha hilo.